Mabenchi ya Leeds, Sufuria za Kisauni

Leo kabla ya zamu nimesoma Zaburi ya 15. Inafungua kwa swali: ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana? Mimi niliyeondoka Mombasa miaka sita iliyopita kuja Uingereza kutunza wazee, maswali ya nani aingie na nani abaki nje nayajua tangu dirisha la viza.

Kanisa ninalosali hapa Leeds, mlango u wazi. Babu mmoja hunipa mkono na kitabu cha nyimbo. Hakuna anayekagua viatu vyangu, na benchi la mbele nalikalia nikitaka. Baada ya ibada ni chai, biskuti, habari za mvua, kisha kila mtu kwake. Miaka yote hiyo nimeingia nyumba mbili tu za washirika wenzangu. Hodi bila miadi huku ni kumtia mtu hofu.

Kwetu Kisauni, huko Mombasa, Jumapili haipiti hujaitwa mezani kwa mtu. Ila kanisani kwetu, neno “karibu” lina madaraja. Viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe ni vya waheshimiwa. Siku moja hamali wa mkokoteni kutoka soko la Kongowea aliingia na kandambili zake, akaketi safu ya pili. Mhudumu akamwinamia sikioni. Akainuka, akaenda nyuma, na Jumapili iliyofuata hakuja. Nami nilikuwa kiti cha tatu kutoka kwake, nikajifanya natafuta ukurasa.

Hilo hunichoma zaidi nikikumbuka Kengeleni, pale pale kwetu. Kengele ile tunayoipita kwenye matatu bila kuitazama ni ya Frere Town, makao ya watumwa walioachiwa huru miaka ya 1870: Wayao, Wanyasa, Wamakua, watu wasio na ukoo hata mmoja kule pwani. Hao ni miongoni mwa Wakristo wetu wa kwanza. Nani angewawekea wao kitambaa cheupe?

Na zaburi yenyewe, katika kujibu, haigusi kabila, mavazi wala ukubwa wa sadaka. Inauliza ulimi wako, kiapo chako hata kikikutia hasara, rushwa, riba. (Hapo pa riba, sisi wa vyama vya kukopeshana tumeze mate.) Halafu kuna jambo nililochelewa kulijua: kwa Kiebrania, neno hilo “kukaa” ni la mgeni anayeishi nchi isiyo yake. Basi humo hemani Mwenyeji ni mmoja. Mheshimiwa wa kitambaa cheupe naye ni mgeni, kama mimi na kibali changu cha ukaaji.

Ningepewa kuchagua, ningebeba mabenchi ya Leeds nikayaweka karibu na sufuria za Kisauni. Nilimwambia mama hivyo kwenye simu, nikiwalalamikia Waingereza kwa kutonialika. Akacheka. “Na huyo babu wa vitabu ushampikia pilau?”

Jumamosi naenda kutafuta bizari.