Mama Mkwe na Chai ya Kuning'iniza

Mama mkwe alitua Minnesota, Marekani, mwezi wa Januari, na hata wiki haijaisha draya, mashine yetu ya kukaushia nguo, ikagoma. Ilizunguka dakika chache, ikalia pii, ikaandika herufi na namba zake kwenye kioo, ikazima. Ndani yake mlikuwa na nguo za mama mkwe. Mtu wa Tanga ameshaelewa msiba ulipo: mkwe hafungui mlango akaanza kuchambua nguo za mama mkwewe, hata kama zinachuruzika maji. Mke wangu yuko kazini mpaka jioni. Nikabaki nimesimama mbele ya mashine, mikono nyuma.

Mwenyewe aliponiona nimeganda pale akazitoa, akachungulia dirishani.

"Jua lote hili, nyie mnakausha nguo kwa umeme?"

Jua lilikuwepo kweli. Na baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Nikamweleza kwa adabu, akanisikiliza kwa adabu, akaenda kuanika. Baada ya kitambo akarudi na kanga yake kwapani, imekakamaa kama ubao. Akaiegemeza ukutani, ikasimama. Tukaitazama wote wawili.

"Sasa hii," akauliza, "inakunjwaje?"

Ndipo nikaapa draya itapona leo hii. Kitabu chake kilisema lile andiko maana yake mashine haiisomi sensa ya joto. Sensa yenyewe ni kidude kidogo tu, kinakaa kwenye njia ya hewa inayotoka kwenye feni. Joto likipanda, ukinzani wake kwa umeme unashuka, na kwa namba hiyo mashine inajua lini ipunguze moto. Nyingi husoma omu 10,000 hivi kwenye nyuzi 25. Ukiitia kwenye maji ya moto, namba inatakiwa ishuke mpaka elfu moja na kitu. Isiposhuka, tupa.

Nikachomoa plagi (ya draya huku ni volti 240, si ya kufanyia mzaha), nikafungua mgongo, nikakuta manyoya ya nguo ya kutosha kujaza mto, nikang'oa sensa. Nikaifunga ndani ya kifuko cha plastiki, maana maji nayo yanapitisha umeme kidogo na yangenipa namba za uongo, nikaining'iniza kwenye kikombe cha maji ya moto mezani jikoni. Nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zikaenda mpaka kwenye mita ya kupimia ukinzani, na mita nikampakatisha binti yangu Salma, wa miaka minane.

"Kazi yako ni kunisomea namba kwa sauti. Namba tu. Usiguse kitu."

Nikashuka chini kusafisha bomba la hewa.

"Baba! Moja nukta mbili!"

Elfu moja mia mbili. Safi.

"Moja nukta tatu!"

Safi, maji yanapoa.

"Mbili nukta tano!"

Nikaacha kusafisha. Maji hayapoi namna hiyo.

"Mbili nukta nne! Mbili nukta saba! Nukta sita!"

"Inarukaruka?"

"Ndiyo, baba!"

Basi sensa imekufa. Nikatoa simu palepale sakafuni, nikaagiza nyingine, dola 28, na juu yake nikalipia iletwe haraka.

"Baba, namba zimekwisha."

Nikapanda. Mama mkwe kaketi mezani, kikombe mkononi. Mbele yake maziwa ya friji na kopo la sukari. Kifuko changu kimewekwa pembeni ya sahani, kimekamuliwa na mgongo wa kijiko, waya mmoja umechomoka.

"Baba Salma," akasema, kwa upole wa mtu asiyetaka kumfedhehesha mwenyeji, "hii chai yenu ya kuning'iniza rangi haina, harufu haina. Nimeikamua mpaka basi."

Ni mke wangu aliyemfundisha juzi chai ya vifuko vyenye uzi. Nikamgeukia Salma.

"Ulikuwa unamwona bibi?"

"Ndiyo."

"Akitia maziwa?"

"Na sukari. Lakini uliniambia namba tu."

Utamwambiaje mama mkwe kwamba amekunywa maji ya kupimia spea? Hakuna lugha ya heshima ya jambo hilo. Nikasema, "Samahani mama, ngoja nikuchemshie ya tangawizi," nikaokota sensa, nikaifuta, nikaipima upya. Nzima kabisa. Ubovu ulikuwa kwenye soketi inapochomekwa: kipini kimoja kimelegea, ngoma inayozungusha nguo ikitikisika mguso unapotea. Nikakibana kwa koleo, nikarudishia kila kitu, draya ikanguruma na kukausha mpaka ile kanga, ambayo wakati huo ilishayeyuka na kujilaza sakafuni.

Kesho yake kifurushi kikafika. Mama ndiye aliyekipokea mlangoni, akakifungua, akaona kidude kipya ndani ya kifuko chake cha plastiki, vijiwaya viwili vinaning'inia. Akanitazama kwa huruma.

"Umeniagizia nyingine? Usingejisumbua, mwanangu. Chai ya hivi mimi imenishinda."