Ctrl+O ni ya Nani: ya Dirisha Zima au ya Kisanduku Kimoja?

Karani anayekata tikiti za boti za Mokowe pale Lamu hana mkono wa kupeleka kwenye kipanya. Anapokea pesa, anauliza jina, anachapa, na nyuma ya huyo wapo wengine wanaowahi basi la Malindi. Kwake yeye, njia za mkato za kibodi ndizo programu yenyewe. Basi anayemwandikia programu hiyo hana budi kuamua mapema: kitufe kikibonyezwa, nani akipokee? Kila kisanduku cha maandishi kijishikie vyake, au amri zote zikae kwenye orodha moja ya dirisha zima?

Njia ya kwanza hudharauliwa kuliko inavyostahili. Katika Tkinter, maktaba ya Python ya kutengenezea madirisha, ni mstari mmoja tu (bind ni "kufunga", yaani kuunganisha kitufe na kazi yake), nauli.bind("<Return>", chapa_tikiti), na anayesoma msimbo anaona papo hapo kitufe gani kinafanya nini na wapi. Tena yapo mambo ambayo kisanduku pekee ndicho kinayajua. Enter ikibonyezwa kwenye jina la abiria, kishale kisogee hadi nambari ya kitambulisho. Ikibonyezwa kwenye nauli, tikiti itoke. Ukilipeleka hilo kwenye orodha kuu, utaishia kuandika msururu wa masharti ya kuulizia kishale kiko wapi.

Ubaya wake hujitokeza fomu inapokua. Ctrl+P ya kuchapisha umeifunga kwenye visanduku tisa, cha kumi ukakisahau; karani akifika hapo anadhani kibodi imekufa. Katika Swing, maktaba ya madirisha ya Java, tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu KeyListener, yaani msikilizaji wa vitufe, husikia tu wakati sehemu iliyowekewa ndiyo inayoshika kibodi. Mtumiaji akibofya "Futa" kwenye skrini, kibodi inahamia huko, na msikilizaji wako hapati kitu tena. Tiba ni kuachana na KeyListener: weka KeyStroke (kitufe) pamoja na jina la amri kwenye InputMap (orodha ya vitufe) ya getRootPane(), yaani ya dirisha zima, kwa sharti la WHEN_IN_FOCUSED_WINDOW, kisha jina lile lile ulifunge na Action (kazi yenyewe) ndani ya ActionMap.

Hapo tayari umeingia njia ya pili, na faida yake kubwa haiko kwenye kupunguza mistari. Katika Qt, maktaba nyingine ya madirisha, QAction moja, yaani amri moja iliyopewa umbo lake, hubeba menyu, upau wa zana na njia ya mkato kwa pamoja. Ukiizima wakati printa inafanya kazi, inazimika kote, na karani hawezi kutoa tikiti ya pili kwa bahati mbaya. Kwa amri ya kuchapisha, ongeza setAutoRepeat(False). Bila hiyo, kidole kikichelewa juu ya Ctrl+P amri inajirudia, na kila karatasi inayotoka ni tikiti halali.

Lakini orodha kuu nayo ina mitego. QAction mbili za dirisha moja zikipewa Ctrl+S, Qt haichagui yoyote: zote mbili hazifanyi kazi, na onyo la "Ambiguous shortcut overload" (njia ya mkato ina wenyewe wawili) linaandikwa kwenye terminali ambayo karani haioni kamwe.

Mtego wa Tkinter unastahili kutazamwa kwa makini. Umeandika root.bind("<Control-o>", fungua). Karani yuko kwenye kisanduku kikubwa cha maelezo ya mzigo, kile cha aina ya Text, anabonyeza Ctrl+O. Dirisha la kufungua faili linatokea sawasawa, ila ndani ya maelezo umeingia mstari mtupu. Sababu ni foleni ya bindtags, yaani mpangilio wa nani anapokea kitufe kwanza: tukio hupita kwanza kwenye kisanduku chenyewe, halafu kwenye darasa lake (kanuni za visanduku vyote vya aina hiyo), halafu kwenye dirisha, mwisho kwenye "all". Darasa la Text lina Ctrl+O yake ya asili, nayo huingiza mstari mpya. Kurudisha "break", neno linalosimamisha tukio lisiendelee mbele, kutoka kwa dirisha hakusaidii, kwa kuwa mstari umeshaingia. Lazima ufunge Ctrl+O kwenye kisanduku hicho chenyewe, uite fungua, kisha urudishe "break". Kwa hiyo hata mshabiki wa orodha kuu atashuka hadi kwenye kisanduku, apende asipende. (Na accelerator="Ctrl+O" kwenye menyu ya Tkinter huandika maneno tu; haifungi kitufe chochote.)

Kwa watu wa huku kinachoamua mizani, kwa maoni yangu, ni lugha. Ofisi ya madrasa inaandika Kiswahili na Kiarabu kwenye kompyuta moja. Mpangilio ukiwa wa Kiarabu, kitufe cha S hutoa herufi sini, na Tk, mfumo ulio chini ya Tkinter, hulinganisha herufi, si mahali pa kitufe; "<Control-s>" haiitiki. Kwenye Windows unaweza kufunga "<Control-KeyPress>" na kusoma event.keycode, nambari ya kitufe, ambako S ni 83 hata mpangilio ukiwa wa Kiarabu. Kwenye Linux nambari ni nyingine, usiihamishe. Caps Lock nayo ina yake: ikiwaka inatumwa S kubwa, hivyo "<Control-S>" inahitaji kufungwa pia. Ukarabati wa namna hii ukiutawanya kwenye visanduku ishirini, vitatu vitabaki vibovu. Kwenye orodha moja unauandika mara moja.

Amri za dirisha zima, yaani kuhifadhi, kuchapisha, kufungua na kutafuta, ningeziweka kwenye orodha kuu. Enter, Tab, Ctrl+Z, Ctrl+C na Ctrl+V ningeziachia kisanduku. Alt+Shift ningeiepuka kabisa, kwani kwenye Windows hutumika kubadili lugha. Vitufe vya F havijali mpangilio wa herufi, vinafaa sana kaunta, ila kwenye laptopu nyingi hupandisha sauti au mwangaza mpaka ushike Fn. Kabla ya kukabidhi, jaribu kila amri Caps Lock ikiwaka, kisha kwa Kiarabu, kisha kishale kikiwa ndani ya kila aina ya kisanduku.