Mume Wangu Si Mwanamke, na Hakuna Aliyenitongoza

Nimeamua kuandika mwenyewe maana tangu Ijumaa simu yangu haipumui. Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu, dakika tatu na ushee, shoga yangu anasimulia huku anacheka mpaka anapaliwa. Kwa maelezo yake, mwenzenu niliingia kwenye mtihani wa Kiingereza wa viza, nikatangaza kwamba nimeolewa na mwanamke, kisha nikagombana na mume wa mtu. Wifi kaisikia. Mama mkwe kaisikia, Tanga huko. Leo asubuhi nimeenda gengeni kununua nyanya, yule kijana kanifungia mfuko, kaniangalia, kasema, "Dada, shi anakuja lini likizo?"

Haya, kaeni. Kwenye ile sauti uongo ni mmoja tu. Sikugombana na mtu.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua mume wangu yuko Leicester, Uingereza, anaendesha basi, na mnajua tangu tufunge ndoa mimi niko Mbagala na sanduku la vitenge nasubiri makaratasi. Wengi mnauliza: kwani wewe hukusoma? Nimesoma! Fom foo nimemaliza. Biolojia, Jiografia, vyote kwa Kiingereza, fotosinthesisi naijua mpaka leo. Ila Waingereza wana orodha yao ya nchi ambazo watu wake hawaulizwi Kiingereza. Mjamaika anapita, Mmarekani anapita, Mtanzania hayumo. Ungekuwa na digrii uliyosomeshwa kwa Kiingereza, na wao wakaikubali, ungepona. Mimi nina cheti cha ushonaji. Ukifikisha miaka 65 pia unapona. Mume wangu kasema hiyo hawezi kuisubiri.

Shangazi yake alimfuata mumewe huko kabla ya Novemba 2010, wakati sheria hii haijaanza. Hakuulizwa hata hau a yu. Na ndiye aliyenipigia simu ya kwanza kunicheka.

Sasa jeuri yangu ilitoka hapa: kiwango wanachotaka kwa kuanzia ni A1. Ngazi zao za lugha ziko sita, A1, A2, B1 mpaka C2, hiyo ndiyo ya chini kabisa, na ni kusikiliza na kuzungumza tu, hakuna kuandika. Nikasema mtihani wa kujitaja jina nisomee nini? Mume wangu kila usiku kwenye simu ananiambia, "Mke wangu, hi ya mwanaume na shi ya mwanamke unazichanganya." Namjibu, "Mimi? Kalale, kesho una zamu ya alfajiri."

Nyie, Kiswahili kimetudekeza. Yeye ni yeye. Babu yeye, bibi yeye, mbuzi akikosea njia yeye. Mwingereza hawezi kumsema mtu mpaka kwanza amchungulie.

Siku yenyewe nilivaa dera jipya na mtandio wa pini, nikaenda na shoga yangu (ndiyo, huyo huyo) mpaka mjini. Yeye akabaki nje kwa mama ntilie, mimi nikaingia. Unaacha simu, unaacha saa, unaacha pochi, unabaki na pasipoti na roho yako. Nikaambiwa mtihani tunafanya wawili wawili, watahiniwa wawili na mtahini mmoja. Mwenzangu alikuwa kaka mmoja wa Kariakoo, anauza mabomba na koki, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Mkewe ni nesi, yuko Birmingham.

"Assalaam alaykum, dada yangu."

"Waalaykumu salaam, kaka."

"Humo ndani tusaidiane. Mimi tangu jana sijala."

Nikamwambia asijali, mimi nimesoma. Hilo neno nalikumbuka kila nikilala.

Chumba kina AC ya kuhifadhia samaki. Mtahini ni mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa cheni, mezani kuna karatasi zake na kinasa sauti. Jina lako? Nikataja. Litaje herufi moja moja? Nikalitaja, ingawa kwenye "i" na "e" nilisimama kidogo kama daladala kwenye matuta. Kaka naye akajikongoja, akapita. Mpaka hapo naona hata viza imeshagongwa.

Ndipo tukapewa mada. Kila mtu amzungumzie mtu mmoja wa familia yake, una dakika moja ya kujiandaa, halafu mwenzako atakuuliza maswali. Nikacheka kimoyomoyo. Mume wangu! Huyo si ndiye aliyenileta hapa?

Nikafungua mdomo. Naandika kama nilivyosema, msinisahihishe.

"Ai wonti tu toku abauti mai hazbendi. Shi iz e draiva. Shi draivu bigi basi. Shi iz veri tolu. Shi hev e biadi."

Mtahini akanyanyua macho kutoka kwenye karatasi. Mimi nikaona kavutiwa, nikaongeza moto. Nikasema shi anapenda mpira. Nikasema shi anakoroma. Nikasema, na hapa nilitumia mikono, shi ana kifua kipana na nywele.

Na kaka wa watu, si tuliahidiana kusaidiana? Zamu yake ya kuniuliza ilipofika akakohoa kidogo, akainamisha kichwa kwa heshima, akauliza, "Yo hazbendi... hau meni childreni shi hev?"

Nikamjibu bila kupepesa. "Shi hev no childreni. Shi iz waiting for mi."

Jamani.

Hapo ndipo nilipojisikia. Unajua ile unapotoka chooni umeshapita watu watatu, ndipo unahisi upepo nyuma, kumbe dera limenasa kwenye skin taiti? Hivyo hivyo. Nikataka kurekebisha, ulimi ukagoma. Jasho likaanza kwenye AC ile ile ya samaki. Yaliyofuata, zile sauti za kusikiliza wanazokupigia mara mbili, nilisikia tu bei ya viatu na mtu kachelewa treni. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja linazunguka: hi, hi, hi, hi, mwanaume hi.

Kwa hiyo sehemu ya mwisho ilinikuta nimeshapasuka. Mtahini akatugeukia wote wawili akasema, polepole, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba sasa nyinyi wawili mnakwenda kula chakula nje pamoja. Zungumzeni muamue mtakwenda wapi, siku gani, mtakula nini.

Mtu mwenye akili zake anajua huo ni mchezo, wanataka kusikia mnapanga jambo. Mimi nilisikia: nyinyi wawili. Pamoja. Nje.

Kaka akageuza kiti kunielekea. Kile kiti kililia kwiii. Akaweka mikono miwili mezani, na pete yake ya ndoa ikagonga mbao. Akatabasamu, maskini, la kunipa moyo, akasema, "Satadei naiti, wi go Forodhani. Yu laiki? Ai pei."

Forodhani! Si Forodhani ya Unguja hiyo? Na unaijua Forodhani ni ya usiku, urojo na mishikaki. Sisi tuko Dar. Ukila Forodhani usiku, boti ya kurudi ni ya kesho. Kwa hiyo katika sekunde hizo mbili mimi nilishavuka bahari, nimeshalala Unguja na muuza koki, nimeshaachika, na mama mkwe ameshapewa taarifa.

Nikarudisha kiti nyuma. Nikashika mtandio. Nikamwangalia mtahini, si kaka, mtahini, kama mtu anayeshitaki kwa mjumbe, nikasema kwa sauti ambayo shoga anadai aliisikia kwa mama ntilie:

"No! Ai em marid! Mai hazbendi, shi wil kil mi!"

Kimya. AC inanguruma. Mtahini kalamu yake imesimama hewani, haishuki haipandi. Mimi nimeshika mtandio bado. Nasikia moyo unapiga kwenye masikio, nasema moyoni sasa nimemaliza: nimesema mume wangu ni mwanamke, na nimesema ni muuaji, na vyote vimo kwenye kinasa sauti cha watu wa viza.

Kaka akafikiri. Niliona kabisa anatafuta maneno, midomo inacheza bila sauti. Halafu uso ukamfunguka kama mtu aliyekumbuka alipoweka funguo.

"No problem, sista," akasema. "Yo hazbendi, shi kam tu. Mai waifu, hi kam tu. Wi iti olu tugeza."

Mtahini akaivaa miwani yake. Akaivua. Akaandika kitu kirefu, mstari mzima na nusu.

Basi tukakubaliana watu wanne. Jumamosi. Biriani ya kuku, kwa sababu kaka alisema hi, yaani mkewe, hali pweza. Nikauliza saa ngapi, akasema saa moja, nikamwambia Kiingereza saa moja ni seveni, akasema tenkyu. Tukashikana mikono juu ya meza kama mawaziri. Muda ukaisha.

Tulipotoka kwenye korido kaka aliniambia, "Dada, samahani, sikuwa na nia mbaya." Nikamwambia, "Kaka, nisamehe mimi." Hatukutazamana mpaka kwenye ngazi.

Kosa langu la mwisho ni kumsimulia shoga kwenye daladala. Tulipopita Mtoni kondakta alikuwa anajua. Rangi Tatu nashuka, abiria wa siti ya nyuma ananiaga, "Salamu kwa hazbendi."

Majibu yametoka, nimefaulu. Ndiyo. Mstari mmoja tu, umepita au hujapita, hawakueleza waliupimaje ule ugomvi. Cheti ni halali miaka miwili. Kaka naye kapita, kanitumia ujumbe, kamalizia "salamu kwa dada yako dereva," sijui ananitania au bado.

Mume wangu aliisikia ile sauti akiwa kituo cha mwisho, basi tupu, anasema alikaa dakika kumi hawezi kuliwasha. Sasa akipiga simu anaanza, "Mkeo hapa." Kanikumbusha kwamba baada ya miaka miwili na nusu na kitu nitatakiwa A2, na nikitaka kukaa moja kwa moja B1, pamoja na ule mtihani wao wa maswali 24 kuhusu maisha ya Uingereza. Nimemwambia kalale.

Kilichobaki ni picha ya kifua, ile ya kupima TB. Huko hawapimi hi wala shi, wanakwambia vuta pumzi, shikilia, achia. Shoga kasema atanisindikiza. Siku nimemtajia, ila ni ya wiki inayofuata.