Waliozaliwa 1 Julai: tarehe ya karani na kifuku cha Ugogo

Asubuhi ya 1 Julai simu ya bibi yangu mzaa mama ililia. Yuko Mvumi, huku Ugogo mkoani Dodoma, macho hayamruhusu tena kusoma, kwa hiyo akamwita mtoto wa jirani amsomee. Ulikuwa ujumbe wa heri ya siku ya kuzaliwa, uliotumwa na mtambo wa kampuni fulani. Mzee wa nyumba ya pili alikuwa amepata kama huo, na mama mmoja wa nyuma ya kanisa pia. Bibi akaniuliza jioni kwa simu, kwa dhati kabisa: "Hivi sote tulizaliwa siku moja?"

Wanaofanya kazi ya kuandikisha watu wanajua jibu. Mtu akijua mwaka tu, karani humjazia 1 Julai. Wengine hujaza 1 Januari. Ndiyo maana ukipitia orodha ya wazee wa kijiji chochote cha Dodoma au Singida utaona tarehe hizo mbili zimejirudia. Na ndiyo maana kila mara suala la umri linapoibuka, husikika kauli ileile: tarehe hizi ni za kubuni, wazee hawajui walizaliwa lini, zifutwe waape upya. Wapo wanaoziita za kughushi.

Nilikuwepo bibi alipoandikishwa kwa ajili ya kitambulisho, chini ya mti, foleni ndefu, mashine ikigoma kusoma vidole vyake kwa sababu jembe limekwisha kuvifuta alama. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alimsalimia "mbukwenyi", akauliza, "Bibi, umezaliwa lini?" Bibi akasema alizaliwa kifuku, yaani msimu wa mvua, mtama ukianza kutoa masuke, korongo limejaa hadi mkunga akashindwa kuvuka. Karani akasema, "Tarehe, bibi." Bibi akajibu, "Usiku."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Karani akapata mwaka kwa kulinganisha na kaka yake, ambaye jina lake limo kwenye daftari la ubatizo, akaandika 1 Julai 1944.

Hebu tulitazame jibu la bibi kwa utulivu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua: huanza Desemba, hukoma Aprili. Mtama unaopandwa kwa mvua za kwanza hutoa masuke kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Machi. Korongo kujaa maana yake mvua kubwa ya siku zilezile. Kwa hiyo bibi, ambaye foleni nzima ilimcheka kwa kutojua, alikuwa ameitaja siku yake ndani ya wiki chache, na saa yake akaongeza. Tarehe ya karani inaweza kukosea kwa miezi sita. Kati ya hao wawili, aliyejua zaidi ni yule asiyejua kusoma.

Sisemi karani alifanya ujinga. 1 Julai ina hesabu yake, na ni hesabu nzuri. Ni katikati ya mwaka. Aliyezaliwa 1 Januari atakosewa kwa siku 181, aliyezaliwa 31 Desemba kwa siku 183, na hakuna atakayezidi hapo. Ukichukua watu elfu moja waliozaliwa kwa kutawanyika mwaka mzima, wastani wa kosa ni kama miezi mitatu, na makosa yanafutana: huyu kaongezewa, yule kapunguziwa. 1 Januari haina huruma hiyo. Inamzeesha kila mtu, na aliyezaliwa Desemba inamwongezea karibu mwaka mzima. Kwa mtumishi wa umma, ambaye miaka 55 ni ya kustaafu kwa hiari na 60 ni ya lazima, mwaka mmoja ni mishahara 12.

Lakini hesabu hiyo imepigwa kwa ajili ya kundi, na bibi hakuja pale akiwa kundi. Kwa mtoto wa kifuku kama yeye, 1 Januari ilikuwa karibu zaidi: ingemkosea kwa miezi miwili hivi, 1 Julai imemkosea kwa minne. Karani angejua hilo kama swali la msimu lingekuwa kwenye fomu. Halikuwepo. Jambo hili limenisumbua kwa muda mrefu, kwa sababu taifa hilihili, likifika kwenye sensa, huwapa makarani wake kalenda ya matukio ili mzee akumbushwe: ulizaliwa kabla au baada ya njaa fulani, vita fulani, operesheni fulani? Yaani kwenye sensa kumbukumbu ya mzee ni chombo cha kazi. Kwenye kitambulisho inageuka kichekesho.

Na kumbukumbu hiyo Ugogo ina uzito. Waliotutangulia walihesabu kwa njaa. Kubwa kuliko zote ni Mtunya, ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita hapa wakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakataa. Makadirio ya wanahistoria ni watu 30,000 waliokufa kati ya wakazi kama 150,000. Mmoja kati ya watano. Jina lenyewe linabeba maana ya kugombania. Mzee aliyesema "nilizaliwa Mtunya" hakuwa anakwepa swali la tarehe. Alikuwa anasema kwamba alizaliwa wakati watoto hawakubaki, naye akabaki. Ni namba gani kwenye kisanduku cha fomu ingesema hayo?

Daftari la serikali lisingeweza kumsaidia. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ililetwa na Waingereza miaka ya mwanzo ya 1920, na kwa muda mrefu Mwafrika wa kijijini hakuhusishwa nayo kwa lazima. Wilaya ziliongezwa polepole. Hata Mwalimu Nyerere, ambaye 13 Aprili 1922 tunaikumbuka kila mwaka, jina lake la Kambarage ni la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, na inasimuliwa alipewa kwa sababu mvua ilinyesha sana siku aliyozaliwa. Mvua iliingia kwenye jina kabla ya tarehe kuingia kwenye karatasi.

Upande wa pili una hoja nzito. Kwanza, udanganyifu upo. Aprili 2017, pale ukumbi wa Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hivyo vilikuwa vyeti vya elimu, lakini tangu siku ile karatasi yoyote yenye makisio inatazamwa kwa jicho la wasiwasi, na wapo kweli waliojishushia umri ili wachelewe kustaafu. Ila mdanganyifu anacheza na mwaka. Siku na mwezi havimpi faida ya kumtosha. Anayetaka kumkamata asianze na bibi wa 1 Julai.

Pili, na hapa nakubali bila kusita, mtoto wa leo lazima awe na tarehe kamili. Binti anayetaka kuozeshwa hawezi kulindwa na masuke ya mtama. Hakimu anahitaji kujua kama ametimiza miaka 18, na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa ndicho kinachosimama mbele yake. Chanjo zina wiki zake. Ninaowatetea ni waliozaliwa kabla ya kadi hizo kufika, na kuwaapisha upya ni kuwalazimisha waape juu ya tarehe ambayo hawajawahi kudai wanaijua.

Kinachowezekana ni kidogo tu: kisanduku kimoja kinachosema tarehe hii ni ya makisio, na mstari mmoja wa maneno ya mwenyewe. Afisa utumishi atajua anashika nini, mwanahistoria atapata mwaka wa njaa na mwaka wa mafuriko, na mjukuu atakuwa na cha kusoma.

Julai yenyewe, kwa wanaoijua Dodoma, ni upepo wa baridi na vumbi jekundu. Mtama umeshapurwa, makorongo ni mchanga mtupu. Ni msimu wa jando, na labda ndiyo maana wazee wengine hawakuona ajabu kupewa siku ya kuzaliwa wakati huo. Bibi aliona ajabu. Alisema hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumwambia alizaliwa kwenye vumbi.

Februari iliyopita nilikuwa kwake. Usiku mvua ilipiga, korongo likaanza kunguruma, akaamka akakaa mlangoni akisikiliza. Asubuhi nilichukua nakala ya kitambulisho chake, nikaigeuza, nikaandika nyuma kwa kalamu kama alivyonitajia: kifuku, usiku, mtama unatoa masuke, korongo limejaa, mkunga yuko ng'ambo.