Mzee akikunja nne, wewe usikunje

Kuna somo linafundishwa siku hizi kwenye semina za mauzo na za kujiandaa na usaili hapa Dar, na linanikera kila nikilisikia. Mteja akishika kidevu, nawe shika. Akiegemea kiti, egemea. Akikunja nne, kunja nne. Vijana wanalipia ushauri huo, kisha wanaupeleka Kariakoo na kwenye ofisi za Posta vilevile ulivyo.

Jambo lenyewe ni la kweli. Mwaka 1999 wanasaikolojia Tanya Chartrand na John Bargh, huko New York, walionyesha kwamba mtu akikaa na mgeni anayejigusagusa uso, naye huanza kujigusa. Akikaa na anayetikisa mguu, wake nao hutikisika. Walipoulizwa baadaye, hawakuwa na habari. Na walioigwa mikao yao walimpenda zaidi aliyewaiga. Ndiyo, huyo alikuwa ametumwa aige, nakubali. Lakini alikuwa mtu wa rika lao, na walikuwa wakizungumzia picha tu, hakuna aliyekuwa akimwomba mwenzake kazi.

Hapo ndipo semina zinapowaponza vijana wetu. Kijana wa miaka 23 yuko mbele ya mzee wa miaka 60, ametoka kumwamkia shikamoo sasa hivi. Mzee anakunja nne, naye anakunja nne. Mzee haoni ukaribu pale, anaona mtoto aliyekosa adabu. Kuiga kunafuata cheo na umri: wa chini humfuata wa juu kwa sauti, kwa mwendo wa maneno, kwa kuinama kidogo, si kwa kujitandaza kama yeye. Pontus Leander, pamoja na Chartrand na Bargh, walionyesha mwaka 2012 kwamba kuigwa pasipostahili humfanya mtu ahisi hata chumba kina baridi.

Kosa la pili ni wakati. Anayeiga kwa makusudi huiga papo hapo, tena kitendo kizima. Jeremy Bailenson na Nick Yee, mwaka 2005, walipotengeneza mtu wa kompyuta anayerudia miondoko ya kichwa cha msikilizaji, walimchelewesha sekunde 4, na wengi hawakugundua. Kompyuta inaweza kuhesabu sekunde 4 huku ikiongea. Kijana anayepeleleza mikono ya mteja hasikii bei aliyotajiwa.

Na wapole wasivunjwe moyo. Utafiti wa Korrina Duffy na Chartrand wa 2015 ulikuta wachangamfu huiga zaidi pale tu wanapotaka kuelewana na mtu. Bila nia hiyo, uchangamfu hauwapi lolote. Wenye mazoea ya kujiweka mahali pa mwenzao nao huiga zaidi, hata wakiwa wakimya. Aliyetoka kutengwa na wenzake pia huongeza kuiga, mwili unatafuta njia ya kurudi kundini.

Tazama duka la vitenge ambako kazi inakwenda vizuri. Mama ameweka kiwiko mezani, ameshika ncha ya kitambaa anaisugua kwa kidole gumba. Muuzaji anayemsikiliza kweli, baada ya kitambo, ameshika ncha ya pili, naye anasugua. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa anamtazama usoni, na kutazamana huko huharakisha kuiga kwa mikono. Simu ingekuwa mkononi mwake, isingetokea.

Kwa hiyo, fundisheni vitu vinavyofundishika. Weka simu chini. Kaa upande kidogo, msikabiliane kama mahakamani. Mwache mteja amalize. Kisha rudia maneno yake, maana kurudia maneno hakuvunji heshima ya mtu yeyote: Rick van Baaren na wenzake walionyesha mwaka 2003, katika mgahawa huko Uholanzi, kwamba mhudumu aliyerudia oda neno kwa neno alipewa bahashishi kubwa zaidi. Mama akisema, “Nipe doti 3 za bluu iliyokolea,” usimjibu “sawa mama” ukageuka. Mwambie, “Doti 3 mama, bluu iliyokolea,” ndipo ugeukie rafu.