Kunguru wa Unguja wananeneshwa na majiko ya hoteli

Asubuhi moja mwaka jana, nikiwa nyuma ya jiko la hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, niliwaona kunguru wawili wakikirarua kiota cha chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, kilichoning'inia kwenye mlimau, mmoja akimwinga mama na mwenzake akichopoa makinda. Mbele ya hoteli hiyo hiyo wageni walikuwa wakisubiri gari la kuwapeleka Jozani kutazama kima punju na ndege wa msituni.

Kunguru hawa si wa asili ya hapa. Waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wapunguze taka za mjini, na baadaye wakaenea hadi Dar es Salaam, Mombasa na sehemu nyingine za mwambao. Kwa kawaida, mnyama anayewinda akikosa windo hupungua naye, na windo likapata nafasi ya kuzaliana tena. Kwa kunguru wa Unguja kanuni hiyo imevunjika, kwa sababu wali, mkate na vichwa vya samaki vinavyotupwa jaani huwashibisha mwaka mzima, wakabaki wengi hata pale ambapo chozi, mnana na shorewanda wameadimika, na kila kiota kipya kikatafutwa na walaji wasiopungua.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 kunguru walipunguzwa sana hapa kwa mitego na sumu, lakini kampeni iliposimama wakarudi. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Siipingi kazi hiyo ikifanywa na wataalamu. Ninachokataa ni kuwaua kunguru kwa fedha za umma huku tukiwalisha wenzao bure kila alfajiri.

Hoteli na ndege vinaweza kuishi pamoja, na mfano uko karibu: kisiwa cha Chumbe, kilomita chache kusini ya Mji Mkongwe, kina nyumba saba tu za wageni, na panya wake, ambao nao hula mayai na makinda, waliondolewa mwaka 1997. Kwa hiyo ningependa leseni ya hoteli ya ufukweni iwe na sharti la mapipa yenye vifuniko imara na mahali palipofunikwa pa kuozeshea makombo yawe mbolea, na mkaguzi afike nyuma ya jiko badala ya kuishia mapokezi.

Nawaomba pia ndugu zetu waongoza wageni, ambao humwonyesha mgeni ninga juu ya mti kabla hajaipata darubini yake, wamweleze na habari ya kunguru. Mimi nilipopeleka malalamiko ya kile kiota nilijibiwa kwa upole tu, na jaa bado liko wazi; mgeni aliyelipia chumba akiuliza makombo ya sahani yake yanakwenda wapi, naamini atapewa jibu lililo bora zaidi.