Siku 3 za ruhusa kwa dakika 10 za daktari

Miezi miwili iliyopita nilikwenda Wete, Pemba, kumchukua mama yangu nimlete Unguja kwa kliniki yake ya presha. Siku ya kwanza nilivuka kumfuata. Siku ya pili tukarudi pamoja. Siku ya tatu tulikaa kwenye benchi la spitali tangu saa 1 asubuhi mpaka adhuhuri inakaribia. Tulipoingia, daktari alifungua daftari la mama, akatazama vipimo alivyokuwa akipimwa kwenye kituo cha afya karibu na nyumbani, akampima tena, akamuuliza kama miguu inavimba. Kisha akasema, "Bibi, endelea na dawa hizi hizi, tuonane baada ya miezi 3."

Hazikuzidi dakika 10. Sina ugomvi na daktari yule, alikuwa mpole na alimsikiliza mama vizuri. Lakini mama yangu anaiogopa bahari. Tangu MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, hapandi boti bila tasbihi mkononi, na haiwachi tangu Mkoani mpaka tunapotia gati Malindi. Msimu wa kusi, mkondo wa Nungwi ukichafuka, anatapika njia nzima. Anafika kliniki presha yake imepanda kwa ajili ya safari ya kwenda kupima presha.

Pale benchini nikawa najiuliza ni kipi alichofanyiwa siku ile ambacho kisingeweza kufanyika Wete. Mashine ya kupimia presha ipo kituoni kwao, na muuguzi wa pale anaijua kazi yake. Kilichobaki kilikuwa mazungumzo, na mazungumzo yanapita kwenye simu.

Nafanya kazi ya hesabu kwenye hoteli moja pwani ya mashariki ya Unguja. Niliporudi kazini niliwauliza wenzangu, mmoja mmoja, wakati wa chai ya saa 4, wanaonaje habari ya kutibiwa na daktari kwa njia ya simu. Neno tiba mtandao wengi hawakulitambua. Nilipoeleza, wakacheka: kumbe ndiyo hiyo! Mpishi alinionesha picha ya vipele vya mwanawe aliyomtumia binamu yake muuguzi kwa WhatsApp. Mlinzi anampigia mtu wa duka la dawa la kijijini kwao. Dada mmoja wa usafi wa vyumba akaniambia, "Mimi daktari wangu mtoto wa shangazi. Nampigia hata saa 5 usiku, anapokea."

Kwa hiyo ninaposikia kwamba wafanyakazi wetu bado hawajaelimika kuhusu jambo hili, naona maneno hayo hayakutazama simu zetu. Hapa visiwani vituo vya afya vilianza kutuma taarifa za wagonjwa wa malaria kwa simu tangu mwaka 2008. Wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya, mpango wa afya wa kufuata watu majumbani, wanabisha hodi majumbani na simu mkononi. Na sisi ni watu wa bahari. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa meli za mizigo, akitusimulia jinsi mwenzao alivyoshikwa na tumbo siku kadhaa mbali na nchi kavu. Nahodha akazisoma dalili kwenye redio, daktari akajibu wafungue sanduku la dawa la meli na wampe dawa gani. Kule Roma kiko kituo cha kazi hiyo hiyo tangu mwaka 1935, CIRM, na rais wake wa kwanza alikuwa Guglielmo Marconi, mwenyewe yule wa redio. Mabaharia wametibiwa hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyewaambia kuwa si matibabu.

Wapo wenye wasiwasi, na wasiwasi wao nauheshimu. Dereva wetu mmoja aliniuliza, "Daktari asiyenibonyeza tumbo ataujuaje ugonjwa wangu?" Ni kweli. Mama mjamzito anayetoka damu, mtoto anayetukutika kwa homa, mtu aliyebanwa na kifua ghafla, hao simu haiwatibu. Kazi ya simu hapo ni sauti ya kumwambia mtu atoke sasa hivi aende spitali, asingoje kukuche. Lakini mwenye presha au sukari anayefuatiliwa kila baada ya miezi, mwenye majibu ya vipimo anayetaka kuelezwa, mwanamke mwenye jambo lake anayetaka kusema na daktari mwanamke na kwao hayupo, hawa tunawachosha bure.

Siri nayo ni shida ya kweli. Mfanyakazi wa hoteli anayelala chumba kimoja na wenzake 5 atazungumza wapi na daktari wake? Ufukweni, upepo ukivuma kwenye simu? Hata chumba kidogo chenye mlango, kazini au kituo cha afya, kingesaidia.

Na huyo mtoto wa shangazi, kwa wema wake wote, haandiki popote. Hakumbuki mwezi jana alimwambia nani atumie nini. Hajui kama mgonjwa anatumia dawa nyingine, na akikosea hakuna wa kumuuliza. Watu wanatoka kwenye simu ile wanakwenda moja kwa moja kununua dawa za kuua vijidudu, wanakunywa siku 2, wanaacha. Hili linaniumiza kuliko yote, kwa sababu haja ya watu ipo na imani ipo, ila tumeiacha ijitafutie njia yenyewe.

Lakini wenzangu wengi walichokilalamikia hasa ni karatasi. Dada yule wa usafi wa vyumba aliwahi kuumwa macho, dawa ya kusafishia ilimrukia. Alizungumza na daktari kwa simu, daktari kamili, akamwelekeza ayaoshe vipi na akamwambia apumzike siku 2. Msimamizi wake akasema hawezi kumhesabia mapumziko bila karatasi yenye muhuri. Basi akapanda daladala ya 117 mpaka mjini, macho mekundu, kitambaa usoni, akakaa foleni ili aandikiwe yale yale aliyokwishaambiwa. Nilipomuuliza kama atampigia tena daktari, alinitazama tu. Ampigie kwa faida gani, ikiwa foleni iko pale pale?

Sheria yetu ya Ajira, Namba 11, ni ya mwaka 2005. Wakati ule nani kati yetu alikuwa na simu ya kuonana uso kwa uso na daktari? Simlaumu msimamizi kwa kutaka uthibitisho, wapo wanaojisingizia ugonjwa, nawajua. Uthibitisho unaweza kuja kwa njia nyingine: ujumbe wa daktari wenye jina lake, namba yake ya usajili, na mahali pa kuhakikisha. Nasi tunao Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023, ambao sisi wafanyakazi tunachangiwa. Nataka mazungumzo ya mama na daktari wake, muuguzi wa kwao akiwa pembeni na mashine ya presha, yahesabiwe kuwa ni kliniki kamili, yalipiwe kama kliniki, yaandikwe kwenye faili lake. Na mimi mwanawe niitwe kwenye simu hiyo hiyo nikiwa mezani kwangu, nisikilize.

Tarehe ya mama inakaribia tena. Juzi nimekwenda kwa meneja kuomba siku 3. Ameandika kwenye daftari, akanikumbusha, "Dada, usisahau kuleta karatasi."